Ngazi za Hunters Point: jengo jipya la umma lihukumiwe na nani, na lini?

Septemba 2019 maktaba ya Hunters Point ilifunguliwa Queens, New York, kando ya mto. Msanifu wake, Steven Holl, aliyakata madirisha kwa maumbo yasiyofanana, na ndani akapandisha ngazi ambazo msomaji akizikwea huiona Manhattan ng'ambo ya maji. Ilikuwa imegharimu zaidi ya dola milioni 40. Wahakiki waliishangilia, yule wa New York Times aliimwagia sifa.

Kisha wasomaji wakaingia. Rafu za riwaya zilikuwa zimepangwa kwenye matuta yanayofikiwa kwa ngazi tu. Mtu wa kiti cha magurudumu, mzee mwenye magoti mabovu, mzazi anayesukuma kigari cha mtoto, wote hawakuweza kuzifikia, na jibu walilopewa ni kwamba mhudumu atawaletea kitabu wanachotaka. Kana kwamba raha ya maktaba si kuzurura kati ya rafu mpaka ukutane na kitabu ambacho hukukitafuta! Kabla ya mwaka kwisha kesi ilikuwa mahakamani, na vitabu vile vikahamishwa.

Sidhani kwamba wahakiki walisema uongo. Mwanga waliousifu upo, na mandhari ni ya kweli. Lakini mhakiki hualikwa jengo likiwa bado linanukia rangi, akaenda kwa miguu mizima, hana kitabu anachokitafuta wala mtoto anayelia mgongoni.

Wanaowatetea wasanifu wenye kuthubutu wana hoja nzito: tusiwe na haraka. Jumba la opera la Sydney lilikadiriwa kugharimu dola milioni 7 za Australia na kukamilika 1963. Lilifunguliwa 1973 kwa milioni 102. Jørn Utzon, aliyelibuni, alijiuzulu 1966 baada ya kuvutana na serikali, na hakurudi tena kuliona limekamilika. Leo nani angethubutu kulibomoa? Kituo cha sanaa cha Pompidou jijini Paris, kazi ya Renzo Piano na Richard Rogers, kilipofunguliwa 1977 kilifananishwa na kiwanda cha kusafisha mafuta kwa sababu ya mabomba yake ya rangi yaliyoachwa nje. Wenyeji wakakizoea, kisha wakakipenda. Hamburg, Ujerumani, nako, ukumbi wa muziki wa Elbphilharmonie ulitarajiwa kuigharimu serikali euro milioni 77, ukafika karibu milioni 800, bunge la mji likaunda kamati ya uchunguzi. Ulipofunguliwa 2017 hasira ziligeuka fahari, na foleni ya tiketi ikawa ndefu.

Hoja hiyo ina tobo, hata hivyo. Sydney hutajwa kwa sababu ilifaulu. Majengo yaliyopitiliza bajeti, yakavuja, na hayakupendwa na mtu hayana wa kuyasimulia, kwa hiyo kila msanifu anayelaumiwa hujifananisha na Utzon. Na hata Sydney kwenyewe muda haukutibu kila kitu. Wanamuziki walilalamikia sauti ya ukumbi mkubwa kwa miongo kadhaa, na dawa haikuwa mazoea bali ukarabati mkubwa uliokamilika 2022. (Haki ya Utzon isipotee: mambo ya ndani yalikamilishwa na wengine baada ya yeye kuondoka.)

Kwangu mimi, ugomvi huu umechanganya mambo mawili. Umbo geni linahitaji muda, na anayelilaani siku ya kwanza huenda akajuta. Lakini lifti inafika wapi, mvua inakwenda wapi, msafishaji ataosha vipi kioo kilichoinama: hayo hayangoji kizazi kijacho. Hata uzuri wa Pompidou ulio wa manufaa zaidi ulisomeka mapema: Piano na Rogers waliacha karibu nusu ya kiwanja wazi, uwanja wa watu kuketi na kutazama wasanii wa mitaani, na hilo lilikuwamo kwenye michoro ya mashindano ya usanifu ya 1971, mabomba yakiwa bado hayajamkera mtu.

Michoro ya Hunters Point nayo ilipita mikononi mwa wengi, kwa miaka, kabla ya zege kumwagwa. Ngazi zilikuwamo.