Chuo Kikuu Kinapoingia Katika Mikataba ya Biashara

Shirika la Biashara Duniani lilipoanza kazi mwaka 1995, Mkataba Mkuu wa Biashara ya Huduma ulianza kutumika pamoja nalo, na katika orodha ya sekta zake, sambamba na benki, utalii, usafirishaji na mawasiliano, iliwekwa elimu, huku elimu ya juu ikipewa kifungu chake. Tangu hapo pamekuwa na ubishi usiokwisha. Wapo wanaosema kwamba kuihesabu shahada pamoja na bima na tiketi za ndege ni kuidhalilisha elimu, na wapo wanaosema kwamba mkataba huo uliandika tu jambo lililokuwa likifanyika tayari. Kila upande una hoja ya kweli. Hata hivyo naona kwamba nguvu nyingi mno zimetumika kubishania kama elimu ni bidhaa au ni haki, wakati swali zito zaidi ni nani anabaki na mamlaka ya kuweka masharti, na ada inayolipwa inaishia kumjenga nani.

Mkataba huo unatambua njia nne za kufanya biashara ya huduma, na zote zinaonekana katika vyuo vikuu. Katika njia ya kwanza huduma huvuka mpaka ilhali mtoaji na mpokeaji wamebaki kwao, kama yalivyo masomo yanayotolewa kwa intaneti. Katika ya pili mpokeaji mwenyewe husafiri, naye ndiye mwanafunzi anayekwenda kusoma ng'ambo. Katika ya tatu mtoaji hufungua tawi katika nchi nyingine, kama Chuo Kikuu cha Monash kilivyofanya Malaysia mwaka 1998 na Chuo Kikuu cha Nottingham kilivyofanya Ningbo, China, mwaka 2004. Ya nne ni ya mhadhiri anayekwenda kufundisha kwa muda katika nchi isiyo yake. Njia ya pili ndiyo inayojulikana zaidi, na ukuaji wake ni mkubwa: kwa hesabu za UNESCO, wanafunzi waliokuwa wakisoma nje ya nchi zao walikuwa takriban milioni 2 mwaka 2000, na kufikia mwaka 2021 walikuwa wamezidi milioni 6.

Ni haki kuwakubalia watetezi wa biashara hii jambo moja la kihistoria. Uingereza ilianza kuwatoza wanafunzi wapya wa kigeni gharama kamili ya masomo mwaka 1980, na Australia, ambayo kwa miongo kadhaa ilikuwa imewapokea wanafunzi wa Asia kama sehemu ya misaada chini ya Mpango wa Colombo, ilifungua milango kwa wanaolipa ada kamili katikati ya miaka ya 1980. Uamuzi wa kuibadili elimu kutoka msaada kuwa mauzo ya nje ulifanywa na serikali zilizotaka kupunguza matumizi yao, miaka mingi kabla ya mkataba wowote kuzilazimisha. Kwa hiyo anayeulaumu mkataba peke yake anamwacha mhusika mkuu.

Manufaa nayo yapo, na hayafai kupuuzwa kwa sababu tu yanasemwa na wanaofaidika nayo. Pale ambapo nafasi katika vyuo vya nyumbani ni chache kuliko vijana waliofaulu, tawi la chuo cha kigeni au programu ya pamoja huongeza nafasi bila hazina ya serikali kubeba mzigo wote, na anayesoma bila kuvuka mpaka huepuka gharama za kuishi ugenini. Wanasayansi hukutana, maabara hushirikiana, na fani ambazo nchi moja isingeweza kuzianzisha peke yake hupata walimu. Kasoro ya hoja hii ni kwamba ada ndiyo mlango wenyewe. Tawi huchagua kufundisha masomo yanayolipa haraka na yasiyodai vifaa vingi, hasa biashara, uhasibu na kompyuta, huku falsafa, lugha na sayansi za msingi zikiachiwa vyuo vya umma ambavyo wakati huohuo vinapoteza wanafunzi wenye uwezo wa kuchangia gharama.

Wapinzani wa mkataba nao wana hoja yao nzito, nayo imo katika maneno ya kifungu cha kwanza. Mkataba unaziacha nje huduma zinazotolewa katika kutekeleza mamlaka ya serikali, kisha unafafanua kwamba hizo ni huduma zisizotolewa kibiashara wala kwa kushindana na watoaji wengine. Chuo kikuu cha umma kinachotoza ada, chenye kozi za jioni za kulipia, na kinachogombea wanafunzi walewale na chuo binafsi cha jirani, kimo ndani au nje? Maneno hayo hayajibu. Ndiyo maana mwaka 2001 jumuiya za vyuo vikuu vya Ulaya, Kanada na Marekani zilitoa tamko la pamoja kuzitaka serikali zao zisitoe ahadi za kuifungua elimu ya juu kwa watoaji wa kigeni katika mazungumzo ya mkataba huo, na mwaka 2004 wasomi wa Afrika waliokutana Accra wakatoa tamko lenye tahadhari kama hiyo. Ni kweli kwamba hakuna nchi inayolazimishwa kuifungua sekta yake ya elimu; kila moja huandika ahadi zake katika jedwali lake. Lakini nchi inayotaka kuiondoa ahadi iliyokwisha kuandikwa hutakiwa kujadiliana na wenzake kuhusu fidia, na hapo ndipo kosa la serikali moja huwa mzigo wa serikali zinazofuata. Ninaamini tahadhari hiyo imesaidia kuifanya elimu kuwa miongoni mwa sekta zilizopata ahadi chache kuliko nyingine.

Nilikuwa nikiiona sheria ya biashara kama tishio tupu kwa vyuo vikuu mpaka nilipoisoma kesi ya Hungaria. Mwaka 2017 bunge la nchi hiyo lilibadili sheria ya elimu ya juu na kudai kwamba chuo kutoka nje ya Ulaya kiruhusiwe tu kama pana mkataba kati ya Hungaria na nchi ya asili ya chuo hicho, na tena kama chuo kinafundisha kweli katika nchi hiyo ya asili. Aliyelengwa alijulikana: Chuo Kikuu cha Ulaya ya Kati, kilichoanzishwa mwaka 1991 kwa fedha za bilionea na mfadhili George Soros, kilichosajiliwa New York na kufundisha Budapest. Tume ya Ulaya ilipeleka shauri mahakamani, na tarehe 6 Oktoba 2020 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba masharti hayo yalivunja ahadi za Hungaria chini ya Mkataba Mkuu wa Biashara ya Huduma, na vilevile uhuru wa kitaaluma unaolindwa na Hati ya Haki za Msingi ya Umoja huo. Chombo ambacho wasomi walikiogopa kwa miaka mingi ndicho kilichotumika kuwatetea, kwa sababu Hungaria ilikuwa imeiandika elimu ya juu katika jedwali lake.

Kesi hiyo hainifanyi niwe mtetezi wa mkataba, kwa sababu mbili. Hukumu ilifika chuo kikiwa kimekwisha kuhamishia masomo yake Vienna, na mahakama haikuwa na uwezo wa kuwarudisha wanafunzi. Pia, ushindi ulitegemea kuwapo kwa mahakama ya kikanda yenye nguvu juu ya serikali. Penye mkataba wa biashara bila mahakama ya namna hiyo, chuo hakina pa kushtaki, maana katika Shirika la Biashara Duniani wanaoshtakiana ni serikali. Hata hivyo, yeyote anayesema kwamba sheria ya biashara na uhuru wa kitaaluma ni maadui wa kudumu anapaswa kuijibu hukumu hii.

Kwa maoni yangu, madhara makubwa zaidi ya utandawazi wa elimu yanaonekana upande wa wauzaji, mahali ambapo wachambuzi wengi hawaangalii. Australia ilizoea kuihesabu elimu kati ya mauzo yake makubwa ya nje, nyuma ya madini ya chuma, makaa ya mawe na gesi. Mipaka ilipofungwa mwaka 2020, vyuo vilivyokuwa vikiendesha utafiti kwa ada za wageni vilipunguza wafanyakazi kwa maelfu. Januari 2024 Kanada iliweka ukomo wa vibali vya masomo, ikitaja uhaba wa nyumba na shinikizo juu ya huduma, na mwezi huohuo Uingereza ikawazuia wanafunzi wengi wa kigeni kuandamana na familia zao. Mwanafunzi aliyealikwa kama mteja akageuka kuwa takwimu ya uhamiaji. Chuo kinachotegemea ada ya mgeni kulipia maabara ya mwenyeji kimeweka mustakabali wake mikononi mwa siasa za uchaguzi, na nchi iliyomtuma mwanafunzi huyo haina kauli yoyote katika uamuzi huo.

Upande wa watumaji, hasara inayosemwa mara nyingi ni kuhama kwa wataalamu. Katika miaka ya 1970 mwanauchumi Jagdish Bhagwati alipendekeza kodi juu ya kipato cha wataalamu waliohama, mapato yake yaende katika nchi walizotoka. Pendekezo hilo halijatekelezwa kimataifa. Wanaolipinga husema kwamba waliohama hutuma fedha, hufungua masoko, na baadhi hurudi na ujuzi. Ni kweli, ingawa fedha hizo huifikia familia, wala hazilipi mshahara wa daktari anayekosekana wodini.

Yapo mapatano ambayo hayakupitia meza ya biashara. Mkataba wa Addis wa kutambuana kwa shahada barani Afrika ulipitishwa mwaka 2014 na kuanza kutumika mwaka 2019. Ule wa dunia nzima, uliopitishwa UNESCO mwaka 2019, ulianza kutumika Machi 2023. Mapatano haya yanampa mwanafunzi kitu ambacho biashara ilimwahidi, yaani cheti kinachoheshimiwa ng'ambo ya mpaka, na bado mamlaka za ithibati, yaani zinazokagua na kuthibitisha ubora wa vyuo, zinabaki na kazi yao. Kwa nchi yenye mamlaka dhaifu ya ithibati, ningeanza huko kabla ya jedwali lolote la huduma. Katika mazungumzo ya Eneo Huru la Biashara Barani Afrika, sekta tano za huduma zilizopewa kipaumbele mwanzoni ni huduma za biashara, mawasiliano, fedha, utalii na usafirishaji. Elimu haikuwamo, na hivyo wizara za elimu zimepata muda wa kuamua, kabla wenzao wa wizara za biashara hawajaamua kwa niaba yao, ni aina gani ya chuo cha kigeni zitakayoipokea, kwa masharti gani ya ubora, na ni nani atakayekuwa na uwezo wa kukifunga.