Mnazi hauli kwa shina

Masika yakikaribia, pita mashamba ya minazi kati ya Pangani na Tanga mjini. Hukosi kukuta samadi imelundikwa hadi kuegemea shina. Mimi huko nakuita kulisha gogo.

Nadhani kosa linaanzia darasani. Mchoro wa mzizi tuliokaririshwa una kofia kwenye ncha, nyuma yake msitu wa vinyweleo vya kunyonya maji. Kwa mharage ni sawa kabisa. Mnazi hauna vinyweleo.

Fukua taratibu hatua mbili kutoka shinani, ufuate mzizi mmoja mpaka mwisho. Unene wake ni kama sentimita 1, na haubadiliki sana njia nzima, kwa sababu hauna kambiamu, tishu inayonenepesha mizizi ya mwembe. Mnazi haunenepeshi mizizi, unaizidisha, hadi ikafika maelfu. Sehemu kongwe ni ya hudhurungi, ganda limekomaa, maji hayapenyi kirahisi. Kwenye ncha ni nyeupe kama tui. Hapo, nyuma kidogo ya kofia, ndipo mnazi unapokunywa.

Sasa kata kipande kwa wembe. Chini ya ganda kuna kortesi, laini kama sponji, imejaa vijinafasi vya hewa. Katikati kuna uzi mgumu mweupe, kama utambi wa koroboi. Humo zailemu inapandisha maji na floemu inaleta sukari kutoka kwenye makuti. Uzi huo umezungukwa na endodemisi, safu moja tu ya seli, na kuta zake zina mkanda usiopitisha maji, uliopewa jina la Mjerumani Robert Caspary. Mkanda huo unalazimisha maji na chumvi za udongo zipite ndani ya seli hai. Ukimwaga mbolea ya dukani mahali pamoja, chumvi ya nje inaizidi ya ndani, maji yanatoka mzizini badala ya kuingia, na ile ncha nyeupe inaungua.

Utaambiwa wazee walilundika shinani na nazi zikapatikana. Zilipatikana, ila kwa kazi ya mizizi iliyokuwa mbali na lundo.

Anza mita 1 kutoka shinani, ishia mita 2, duara zima. Kwatua sentimita 10 tu. Ukizamisha jembe unakata mizizi unayotaka kuilisha. Tandaza ndoo tatu za samadi, changanya na udongo, funika kwa makuti makavu. Subiri mvua ilowanishe ardhi kwanza. Mbolea ya dukani igawe mara mbili, masika na vuli, maana mchanga wa pwani hauzuii kitu.

Bondeni maji yanapotuama ni habari nyingine. Mizizi ya mnazi ina vijinundu vyeupe vya kupumulia, lakini maji yakikaa wiki kadhaa havifui dafu: seli zinakosa oksijeni, kortesi inaoza. Hapo weka ndoo ya samadi chini, shika sepetu, chimba mfereji.