Yule msemaji feki wa Dow, alisaidia au aliumiza watu?

Ile ishu ya Disemba 3, 2004 mi huwa naiwaza mpaka leo. Siku hiyo ilikuwa imetimia miaka 20 kamili tangu gesi ya sumu ivuje usiku kwenye kiwanda cha Union Carbide pale Bhopal, India, ikaua maelfu, BBC wanamleta hewani msemaji wa Dow Chemical (ndo walioinunua Union Carbide 2001), jamaa kapiga suti na tai anasema kampuni inakubali kubeba lawama zote na itatoa dola bilioni 12 za kulipa waathirika na kusafisha eneo. Jina eti Jude Finisterra. Jude, yule mtakatifu anayeombwa mambo yakishashindikana, na Finisterra mwisho wa dunia, na studio nzima hakuna aliyeshtuka! Kumbe ni Andy Bichlbaum wa kundi la Yes Men, wanaharakati wanaojifanya watu wa makampuni makubwa ili kuyaumbua, walitengeneza tovuti feki ya Dow, BBC wakaingia humo wenyewe kutafuta mtu wa kumhoji.

Wanaowapinga wana hoja na mi siidharau. Kule Bhopal watu walisikia wanalipwa, wengine wakalia kwa furaha, baada ya kama masaa mawili wanaambiwa hamna kitu. Mtu anakohoa miaka 20 unamfanyia mchezo huo? Afu leo tunapigia kelele video feki kila siku, sasa hii tuisamehe kwa vile aliyedanganya tunampenda?

Ila cheki soko la hisa la Frankfurt. Ndani ya dakika 23 hisa za Dow zikashuka zaidi ya asilimia 4, kama dola bilioni 2 zimeyeyuka, kisa tu kampuni imesikika inataka kulipa watu iliowarithi na mgogoro wao. Ripoti za kurasa mia tatu zimeandikwa na hazikuwahi kukuonyesha hilo wazi hivyo. Ikabidi Dow wajitokeze kukanusha, na hapo ukisema habari si ya kweli ushasema hulipi.

Mi niko na Yes Men kwa sehemu kubwa, ila ningekuwa mimi ningewatonya watu wa Bhopal kwanza. Dow wanasema mambo yaliisha na zile dola milioni 470 Union Carbide walizolipa 1989, ambazo wengi waliambulia kama dola 500 kila mtu, na 2023 Mahakama ya Juu ya India ikalitupa ombi la serikali la kutaka ziongezwe.