Siku Boti Ilipolivuta Gari

Mtu akiniita "Nahodha" hapa Malindi, najua ananicheka. Mimi sina hata hori. Bahari naipenda nikiwa nimekaa kando yake, na samaki nampenda akishakuwa wa kupaka. Cheo hiki nilipewa na vijana wa pwani asubuhi moja ya mwezi wa Mei, nikiwa ndani ya pikapu yangu, mikono yote miwili kwenye usukani, maji ya chumvi yakiniosha vifundo vya miguu. Kwa muda mrefu mtu pekee mtaani ambaye hakuniita hivyo alikuwa mke wangu.

Tuanzie kwa muuzaji. Nilikwenda Mombasa kutafuta pikapu ya dizeli yenye nguvu ya kuvuta, nikaangukia moja ya oto, inayobadili gia yenyewe, nyeupe, viti safi, imetembea kilomita elfu 90 na ushei. Kampuni siitaji, haina kosa. Nikauliza kama mtu anayejua magari: "Na oili ya giaboksi hubadilishwa baada ya muda gani?" Yule bwana akaweka mkono kifuani. "Bosi wangu, hiyo ni oili ya maisha."

Oili ya maisha! Nilirudi Malindi nikiimba. Barazani nikawatangazia wenzangu kwamba kuanzia leo mguu wangu wa kushoto umestaafu, hauna klachi ya kukanyaga, kazi yake ni kuvaa kiatu tu. Wao na magari yao ya gia za mkono waendelee kupiga teke kama punda.

Kazi yenyewe ilikuwa kuvuta boti. Kusi likianza kuvuma, bahari hapa huchafuka, na boti nyingi za kuvulia za wageni hupandishwa nchi kavu zikapigwe rangi na kufunguliwa injini, zirudi majini upepo ukilegea. Nyingine huvutwa hadi Mtwapa, kilomita kama 100. Boti ya faiba, na injini zake, na trela lake, tani 2 na nusu ziko pale nyuma, na pikapu inazivuta bila hata kukohoa. Hapo ndipo dizeli inapodanganya watu. Ina nguvu tangu raundi za chini, kwa hiyo huisikii ikihema. Kumbe anayehema ni mwingine, yuko chini ya kiti chako, naye hana sauti.

Na ile njia ina matuta. Ukitoka Gede, tuta. Matsangoni, tuta. Kilifi usiseme. Kwenye kila tuta unasimama na tani zako, unapanda polepole, unashuka polepole, unaanza upya kama gari lililowashwa sasa hivi. Mimi nilikuwa naacha gia kwenye D, ile ya kwenda mbele, tangu mlangoni kwangu hadi Mtwapa. Kulikuwa na kitufe pembeni ya gia kimeandikwa O/D OFF. Nilidhani ni cha taa fulani ambayo imeungua. Nikiwa na mzigo gari lilikuwa likipanda gia, linashuka, linapanda tena, linashuka, kama mtu aliyekwenda kuposa akifika mlangoni anaghairi. Nikasema labda ndivyo oto zinavyofikiri.

Sasa, nina tabia moja tangu nijue kuendesha: nikitia gia nasema Bismillahi, ndipo naondoka. Gari lilipokuwa geni kwangu, nikifika "Bis" lishaondoka. Msimu wa kwanza ulipokwisha nikawa naimaliza Bismillahi yote hadi Rahimi. Msimu wa pili nikaingia kwenye Alhamdu. Natia D, nasoma, nangoja, halafu kwap! Gari linashtuka kama mtu aliyeamshwa katikati ya hotuba ya Ijumaa, ndipo linakwenda. Mimi nikaona baraka. Gari linanifundisha subira.

Mke wangu akakaa karibu nami siku moja tukienda Mambrui kwa mamake. Natia D, nasoma, nangoja. Akanitazama.

"Baba watoto, gari lishakufikisha Alhamdu. Likikufikisha Yasini, jua unalisomea lenyewe."

Halafu akavuta pumzi. "Na mbona linanuka mafuta ya juzi?"

Ni lazima nieleze kidogo juu ya mke wangu. Anauza bhajia na viazi karai mbele ya nyumba. Mafuta anayajua kama sonara anavyojua dhahabu. Huyatazama rangi, huyanusa, akiona yameanza kuwa meusi na kutoa povu huyamwaga hata kama ni nusu karai, na mimi humlaumu kwa hasara. "Mafuta yakichoka," hunijibu, "hayakaangi, yanachemsha." Siku ile ya Mambrui nikamwambia harufu ni ya mashamba, watu wanachoma majani. Tulikuwa juu ya daraja la Sabaki. Hapakuwa na jani wala kiberiti.

Basi ikafika ile asubuhi. Mwenye boti ni Mtaliano mzee, amekaa Malindi hadi Kiswahili chake kinanukia nazi. Ilikuwa siku za bamvua. Mgeni wa huku aelewe: bamvua si mchezo, maji hupwa yakaenda mbali hadi mtu akatembea kwa miguu mahali alipoogelea jana, na yakijaa hupanda zaidi ya mita 3 kwa saa 6, na hayamsubiri mtu amalize kahawa. Mtaliano alikuwa anamaliza kahawa.

Tulipoanza, maji yalikuwa yashageuka, yanajaa. Nikarudisha nyuma trela kwenye maji, taratibu, rivasi imekaa vizuri kama kawaida. Nahodha wa boti, nahodha wa kweli, akaiingiza kwenye trela, tukaifunga ukanda mbele. Nikainua kidole gumba. Nikatia D. Bismillahi. Alhamdu lillahi. Nikafika Maliki yaumiddini. Nikamaliza. Nikasema Amin kwa sauti, na vijana wawili waliokuwa ufukweni wakaitikia Amin bila kujua wanaombea nini.

Kimya.

Nikakanyaga mafuta. Injini ikanguruma hadi ndege wakaruka, magurudumu hayakusogea hata unyayo. Nikatia 2, nikatia L. Hakuna kitu. Nikasema hebu nijaribu rivasi nione kama gia zote zimekufa. Rivasi ilikuwa hai! Rivasi ilikuwa na afya kuliko mimi. Gari lililokataa katakata kurudi Malindi likakubali papo hapo kwenda Bara Hindi, likarudi nyuma hatua tatu, maji yakaingia chini ya mlango.

Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza nyavu akasimama kabisa. Akaunyosha mkono kule kwenye rasi, kwenye nguzo ya Vasco da Gama, inaonekana wazi kutoka pale. "Mwanangu," akaita, "yule alipokuja hapa 1498 aliomba rubani ndipo akaenda Bara Hindi. Wewe unakwenda peke yako?"

Ufukwe mzima ukalala chini kwa kicheko. Na bahari, kana kwamba nayo imesikia, ikaleta wimbi. Boti ikaanza kuelea. Sasa boti imefungwa kwenye trela, trela limeshikwa na gari, na gari halina gia ya mbele. Wimbi likiingia, boti inainuka, inainua matako ya gari. Wimbi likirudi, boti inarudi nalo, na gari nyuma yake, na mimi ndani ya gari, breki ya mkono nimeivuta hadi masikioni. Miaka miwili nimevuta boti. Leo boti inanivuta mimi, na kusema haki, ilikuwa inavuta vizuri zaidi, haikukwama gia hata moja.

"Fungua ukanda!" nahodha akapiga kelele. Ukanda ukafunguliwa, boti ikateleza ikaenda zake, imetulia kama bata. Mtaliano akaipigia makofi. Gari likabaki.

Walionitoa ni wavuvi, kama 30 hivi, kwa kamba ile ile wanayopandishia mashua zao. Walivuta kwa wimbo, na wimbo ulipokwisha beti wakatunga beti jipya juu yangu, ambalo siliandiki hapa kwa sababu watoto wangu wanajua kusoma. Nilitaka kushuka nisaidie, wakanikataza. "Kaa hapo hapo, Nahodha, ushike usukani wa jahazi!" Ndiyo siku jina lilipozaliwa. Chombo kilipofika mchanga mkavu nikafungua mlango, maji yakamwagika, na kaa mdogo akashuka kabla yangu.

Fundi wetu ni mtu mzima, wa aina ya kusikiliza gari akiwa amefumba macho. Nilimfikia na hadithi yangu tayari: maji ya bahari yameingia kwenye giaboksi, yameiharibu. Ni kisa chenye heshima. Mtu kushindwa na bahari si aibu.

Hakujibu. Akaweka beseni, akafungua sinia la chini. Ikatoka kitu kama chai ya maziwa iliyolala.

"Umeona?" nikasema. "Maji."

"Maji yamo," akasema. Akaingiza kidole kwenye ile sumaku ndogo iliyo ndani ya sinia, akakitoa kimepakaa uji mweusi, laini, unameremeta. Ungemwona ungesema anataka kujipaka wanja. Akausugua kati ya vidole viwili mbele ya jicho langu. "Huu haukutengenezwa na bahari asubuhi moja. Hizi ni bitana za klachi zilizo ndani ya giaboksi yako, pamoja na unga wa chuma. Umezisaga miezi." Baadaye alipoifungua giaboksi yenyewe akanionyesha zile sahani za klachi ya mbele: bitana hakuna, na chuma kimegeuka buluu kama moto wa gesi. Za rivasi zilikuwa nzima, mpya. Ndiyo maana lilipenda kurudi nyuma.

Nikajaribu mara ya mwisho. "Kwa hiyo bahari haikuchangia?"

"Bahari imekuja mazishini, mwanangu. Haikuua."

Akanieleza kwa feni. Weka feni mbili zikitazamana, akasema, washa moja, upepo wake utaizungusha ya pili. Ndani ya oto ni hivyo hivyo, ila badala ya upepo kuna oili. Gari likiwa tupu na limeshika mwendo, kuna klachi ndogo inazibana zile feni mbili ziende pamoja. Lakini ukivuta mzigo polepole, ukianza na kusimama, hazibanwi, moja inazunguka sana, ya pili inaburutwa, na ule upungufu wote unageuka joto. Joto linaingia kwenye oili. Oili ikiungua inapoteza nguvu ya kubana klachi, klachi zinateleza, zinaleta joto zaidi. Na ile D inapanda na kushuka, kila inapobadilisha klachi zinasuguana. Nilitakiwa kubonyeza kile kitufe cha "taa", gia ya juu kabisa ifungwe.

"Na yule bwana aliniambia ni oili ya maisha."

Fundi akainua macho. "Maisha ya nani?"

Nilinyamaza.

"Ya giaboksi," akajijibu. "Na yamekwisha."

Mke wangu alikuwa amefika na chai ya fundi. Akainama juu ya lile beseni, akanusa mara moja tu. Oili ya oto ikiwa mpya ni nyekundu, inang'aa kama sharubati ya rozela, fundi akamwonyesha kopo. Akatazama kopo, akatazama beseni, akanitazama mimi.

"Haya nikikukaangia bhajia, utakula?"

Gharama sitaki kuizungumza. Niseme tu kwamba kwa pesa zile, huko Kakoneni ningepata shamba na minazi juu yake. Giaboksi ikapelekwa Mombasa, ikajengwa upya, ikarudi na rejeta yake ndogo ya kupozea oili, imefungwa mbele inapopigwa na upepo. Oili chafu jirani alikuja na kidumu akaichukua kupaka nguzo za banda lake, mchwa wasile. Mchwa hawajarudi. Ni watu pekee waliofaidika... samahani, ni jirani pekee aliyefaidika.

Siku ya kulichukua gari, fundi akaniambia liko tayari, niende nalo pole. Likafika nyumbani bila neno, kwa kuwa muda wote yeye ndiye aliyeendesha. Alipoteremka akanirudishia ufunguo, akaaga, gari likiwa limeelekea kibanda cha mke wangu, nami nataka kulisogeza tu kivulini, hatua mbili.

Nikakaa. Nikatia D. Sasa, baada ya miaka miwili, mguu wangu wa kulia ulikuwa na ada yake: ulimi unapoanza kusoma, wenyewe unakanyaga mafuta, unamsaidia mgonjwa. Nikafungua mdomo.

Sikufika hata "mi".

Alhamdulillahi jiko lilikuwa halijawashwa na karai lilikuwa tupu. Kilichokuwepo ni meza, viti viwili, na ndoo ya rojo la bhajia la siku nzima, ambayo ilipanda hewani, ikafikiri, ikashukia kwenye boneti. Niliwasha wipa. Sijui kwa nini niliwasha wipa. Kioo kilipokwisha kufutwa, nilimwona mke wangu amesimama mbele, mwiko mkononi, rojo la manjano limempaka hadi kope.

Akauegemeza mwiko kwenye boneti, akakomba lile rojo taratibu, akalirudisha kwenye ndoo kijiko kwa kijiko, bila kuniangalia. Watu walikuwa wameshajaa. Alipomaliza akaja dirishani kwangu.

"Nahodha," akasema. "Shuka."