VVT-i haina makosa, makosa ni hio oili mnaweka

Wacha niseme hii kitu halafu mnitukane kwa raha zenu. Hapa Kisumu karibu kila gari ya pili imeandikwa VVT-i nyuma ya buti na wengi wetu hatujui hizo herufi zinafanya kazi gani. Mimi pia sikuwa najua, nilidhani ni urembo tu. Kuna jirani yangu hapa Nyalenda mpaka leo anaamini VVT-i na D4 ni ndugu wa tumbo moja, na juu D4 ilishaharibiwa jina kitambo basi VVT-i nayo anaiogopa, ilhali D4 ni mambo ya kunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda na hii ingine ni mambo ya pumzi, ufundi wa Toyota wa kubadilisha saa ya valvu, ile milango ya hewa ya injini, kufunguka na kufunga.

Nilijifunza kwa aibu. Natoka town naenda nyumbani Mbale, Vihiga, Toyota Fielder yangu imebeba mama, shangazi wawili na gunia ya omena, tukaanza kupanda Riat. Gari ikakataa. Sio ati ilizima, hapana, ilikuwa inavuta kama mtu wa pumu, nakanyaga mpaka chini inanguruma tu lakini haiendi mahali, na hapo kwa kona tuktuk ikanipita. Tuktuk! Dereva akanipungia na mkono. Shangazi mkubwa akauliza kwa upole, "Mwanangu, kwani hii gari yako imekula?" Sikujibu.

Kesho yake fundi akaanza ile safari mnaijua nyote. Badilisha plagi zote 4. Osha nozo. Osha throto. Nunua koili moja, aa sio hio, nunua ingine. Pesa inatoka tu na gari bado inatetemeka nikisimama kwa taa kama imeshikwa na malaria. Mwishowe nikamwambia wacha kubahatisha, ita mwenye mashine. Mashine ikaja ikasoma P0011, maana yake kamshafti, ile fimbo ya kufungua valvu, ya upande wa kuingiza hewa imesogea mbele kuliko venye kompyuta imeagiza na haitaki kurudi. Fundi akasoma, akacheka, akaniambia, "Omera, hii VVT-i tunachomoa tu waya zake, zamani si gari zilikuwa zinaenda bila hio?"

Ni ukweli zilikuwa zinaenda. Toyota 110 ya mzee wangu ilikuwa na injini ya 5A na haikuwa na hayo mambo, na ilitupeleka shule miaka yote. Lakini hio sio sababu ya kukata mkono wa mtoto juu babu yake alizaliwa bila.

Sasa sikieni venye inafanya kazi, na nitaongea kama mtu wa stegi juu ndio lugha naelewa. Fikiria makanga wa matatu pale Kondele. Matatu ikikuja pole pole, hana haraka, inasimama, anafungua, watu wanaingia, anafunga, inaenda. Akiacha mlango wazi sana hapo wale washaingia wanaanza kushuka waende kwa matatu ingine. Lakini siku matatu iko na mbio, mlango unafunguliwa kabla haijasimama, na inaondoka mlango bado uko wazi juu kuna wawili wanakimbia nyuma na hao wataingia tu, wako na mwendo. Injini ni hivyo hivyo. Hewa ni abiria. Injini ikizunguka polepole, mara 700 kwa dakika, kila valvu inafunguka kama mara 6 kwa sekunde, hewa iko na wakati wa kutosha, ukichelewa kufunga valvu pistoni ikianza kupanda inairudisha hio hewa nje ilikotoka. Lakini ikifika mizunguko 6,000, valvu inafunguka mara 50 kila sekunde moja, na hewa imeingia na mbio zake, haiwezi simama ghafla, kwa hivyo hata pistoni ikishaanza kupanda hewa bado inaingia kwa nguvu ya mwendo wake. Ukifunga mapema hapo umewaacha abiria wawili kwa barabara.

Kuna upande mwingine pia, ule wakati valvu ya kutoa moshi haijafunga na ya kuingiza hewa ishaanza kufunguka, zote mbili ziko wazi kidogo. Injini ikikimbia hio inasaidia, moshi ukitoka unavuta hewa mpya iingie. Lakini gari ikiwa imesimama tu, moshi unarudi ndani unachanganyika na hewa safi na injini inatetemeka. Ndio ile malaria yangu kwa taa.

Gari za zamani zilikuwa zinachagua moja. Kamshafti imefungwa na mkanda au cheni, imechongwa hivyo, basi, mwenye kutengeneza aliamua kama gari itakuwa ya town tulivu au ya mashindano, na ile ya mashindano ikisimama inaruka ruka kama mbuzi. VVT, yaani kubadilisha saa ya valvu injini ikiwa inaenda, ilikuja kumaliza huo ubishi. Alfa Romeo ndio waliweka kwa gari ya kuuzwa watu mwaka wa 1980, kwa Spider. Honda wakakuja na VTEC kwa Integra ya 1989 na injini ya lita 1.6 ikatoa nguvu ya farasi 160, lakini hio VTEC ni njia tofauti, iko na nundu za aina mbili kwa kamshafti na inaruka kutoka moja kwenda ingine. BMW na VANOS 1992. Toyota wakaleta VVT-i 1995. Subaru wanaita yao AVCS, Mitsubishi MIVEC, kila mtu na jina lake.

Ya Toyota kama kwa hii injini yangu ya 1NZ, na kwa Probox nyingi na zile Corolla NZE, ni hivi. Mwisho wa kamshafti ya kuingiza hewa, pale cheni inashika, giya sio kipande kimoja. Ni kama kopo, cheni inazungusha lile kopo la nje, na ndani kuna mapanga yameshikana na kamshafti yenyewe. Katikati ya kopo na mapanga kuna vyumba vidogo, na kwa hivyo vyumba inaingia nini? Oili. Oili ile ile ya injini. Ikisukumwa upande huu kamshafti inatangulia, ikisukumwa upande ule inarudi nyuma, na yote hio ni kama digrii 40 ukipima kwa krankishafti, ile fimbo inazungushwa na pistoni. Mwenye kuamua oili iende upande gani ni kisolenoidi kidogo, bomba ya umeme ya kufungua na kufunga njia ya oili, kiko na waya mbili, kinapata amri kutoka kwa kompyuta, na kompyuta nayo inaangalia sensa ya krankishafti na ya kamshafti na venye umekanyaga.

Mmeona? Hakuna mota hapo. Hakuna umeme wenye unasukuma kamshafti. Misuli ni OILI. Toyota wenyewe walikuja kuweka mota ya umeme baadaye, kwa Lexus LS 460 ya 2006, lakini hii ya kwetu ya kubebea omena ni oili tu.

Ndio maana nasema tunajiua wenyewe. Kitabu ya gari inasema 5W-30, oili nyepesi. Sisi tunaweka 20W-50, ile nzito, juu fundi amesema gari imezeeka na Kisumu ni joto. Hio hoja ya joto siwezi kuidharau yote, injini ikishapata moto oili nzito inalainika na gari itaenda, lakini asubuhi injini ikiwa baridi hio uji inachelewa kufika kwa tundu ndogo hivyo, na kamshafti inapata amri leo inatii kesho. Na uzito sio hata shida kubwa. Shida ni uchafu. Mtu anaongeza oili ya kupimiwa kwa chupa ya soda, hajui ilitoka wapi, anapitisha kilomita 5,000 anaenda 9,000 na bado anasema "iko tu sawa, ni nyeusi kidogo". Ile nyeusi inageuka kuwa tope, na tope inaziba. 1NZ inachukua lita 3.7 na filta, yaani galoni moja ya lita 4 na inabaki. Ni hio tu tunaogopa kununua, halafu tunanunua koili mbili.

Rudi kwa gari yangu. Nilikataa waya zichomolewe. Tukatoa hio solenoidi, iko na bolti moja ya 10, fundi akaipima na mita akapata om 7 na kitu, sawa kabisa. Akaiguza na betri, ikalia tak lakini kale kachuma ka ndani kanarudi nusu halafu kanakwama. Halafu kuna kichungi cha waya, kadogo kama kifuniko cha kalamu, na hapo ndio nilitaka kulia, kilikuwa kimejaa kitu kama ugali wa wimbi. Tukaosha vyote na petroli. Tukamwaga oili, tukaweka 5W-30 na filta mpya. Kabla ya kufunga kila kitu nikamwambia fundi ajaribu kitu nilisoma, injini iwe inaunguruma tu halafu apeleke umeme wa betri kwa solenoidi moja kwa moja. Kama oili inapita, injini inafaa itetemeke au izime kabisa, juu umeisukuma kamshafti mbele wakati haifai. Akagusa, gari ikazima pap. Fundi akaruka akadhani ameiua. Mimi nilikuwa nacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Riat sai napanda na watu watano. Sisemi ati imekuwa ndege, bado ni injini ya cc 1,500 na bado ni mlima.

Kitu imebaki ni asubuhi nikiwasha, inalia krrr sekunde moja halafu inanyamaza. Hio ni kale kapini ka kufunga lile kopo oili ikiwa haijafika, nadhani kamelika miaka yote ile ya uji. Giya ya eksi-Japani nimeulizia Kibuye na bei sijaipenda. Na yule jirani wa D4 alichomoa waya za Probox yake kitambo, taa ya injini ameibandikia selotepu nyeusi, ananiambia haoni tofauti. Tumekubaliana Disemba tukienda ushago tuondoke pamoja Mamboleo asubuhi, kila mtu na shangazi wawili ndani, tuone nani atamngoja mwenzake Kiboswa.