Profesa wa sheria za usalama: abaki darasani au aingie serikalini?

Juzi baada ya Isha, barazani kwetu Majengo, kijana anayesoma sheria hapa Mombasa alinieleza kwamba anataka kubobea katika sheria za usalama wa taifa, hatimaye awe profesa. Mamake hataki hata kusikia. "Ami," akaniambia, kahawa ikimpoa mkononi, "Mama asema nikisomea hayo nitakuwa wakili wa polisi."

Simlaumu mama yule. Mtaa wetu ndio wenye Msikiti Musa, uliovamiwa na polisi Februari 2014. Huku neno "usalama" humkumbusha mtu mlango kugongwa saa nane za usiku.

Wanaomuunga mkono mama huyo wana mfano wa karibu. Profesa Githu Muigai alitoka kufundisha sheria Chuo Kikuu cha Nairobi akawa Mwanasheria Mkuu, na sheria za usalama za Desemba 2014 zilipopingwa kortini, ofisi yake ndiyo iliyozitetea. Tarehe 23 Februari 2015 majaji watano walifuta vifungu vinane, kikiwemo kile kilichotaka wakimbizi nchini wasizidi 150,000. Mimi hilo halinitishi sana. Mabishano yalikuwa mbele ya watu, na aliyeshindwa alishindwa hadharani.

Kinachonitisha ni maoni ya kisheria yanayoandikwa chumbani. Marekani, John Yoo, profesa wa Berkeley, alikuwa serikalini, katika idara ya Wizara ya Sheria inayoishauri serikali kisheria, mwaka 2002 alipoandaa waraka wa siri uliobana maana ya mateso hata mahabusu wakaweza kutendewa mengi ya kikatili. Kisha akarudi chuoni kufundisha. Lakini waraka huohuo ulibatilishwa mwaka 2004 na profesa mwingine, Jack Goldsmith, aliyekuwa ameingia kuongoza idara ileile. Hapa ndipo hoja ya kina mama wetu inapopungua nguvu: waliokuwa nje wasingeweza kuubatilisha. Ilibidi aingie mtu anayeijua sheria na aliye tayari kusema hapana.

Na walio nje nao wana kazi kubwa. Mwaka 2015 mashirika mawili ya haki za binadamu ya hapa kwetu, Muhuri na Haki Africa, yaliorodheshwa pamoja na washukiwa wa ugaidi na akaunti zao zikafungwa. Mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Mombasa iliamuru zifunguliwe. Mtu hashindi kesi kama ile kwa kelele. Kesi hiyo inataka mawakili wanaoijua Sheria ya Kuzuia Ugaidi kifungu kwa kifungu, na lazima wawe na mtu wa kuwafundisha.

Kwa hiyo namtaka kijana huyu asome, na akiitwa serikalini aende, kwa sharti moja nisilolilegeza: alichoandika kule kitolewe hatari ikishapita, watu wakisome naye aulizwe. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Profesa anayerudi darasani huku maoni yake yamefungiwa kabatini anawafundisha wanafunzi nusu ya somo, na nusu iliyobaki ndiyo iliyowagusa watu wa Majengo.

Nilimwambia amsomee mamake Kifungu cha 238, kinachosema usalama wa taifa ufuatwe kwa kuheshimu sheria na haki za binadamu. Akakiandika kwenye simu, akanywa kahawa yake baridi, akaaga.