Wa 31 muhula wa kwanza, wa 31 mwisho wa mwaka

Wiki hii ninajaza ripoti za kufunga mwaka. Mezani nina rejista, kikokotoo na rundo la madaftari 43. Kila ripoti ina visanduku vyake: alama, wastani, daraja, nafasi, halafu chini kabisa mstari mmoja wa maoni ya mwalimu wa darasa. Mzazi akiipokea, jicho linakimbilia kwenye nafasi. "Umekuwa wa ngapi?" Mtoto akishajibu, mara nyingi mazungumzo yameishia hapo.

Nina mwanafunzi ambaye muhula wa kwanza alikuwa wa 31. Jana nimemaliza kupanga matokeo, na amekuwa wa 31 tena. Ukiishika ripoti yake peke yake utaona mtoto aliyekaa mwaka mzima bila kusogea. Ndiyo maana kabla ya kuijaza nikafungua daftari lake la hisabati.

Ukurasa wa pili, wiki ya kwanza ya mwaka, ameandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Aliyewahi kufundisha sehemu analijua kosa hili kama anavyolijua jina lake: mtoto amejumlisha kiasi kwa kiasi, yaani namba za juu, na asili kwa asili, yaani za chini, akaenda zake. Hakushangaa kwamba ameanza na nusu, akaongeza kitu, kisha akabaki na pungufu ya nusu. Swali linalofuata ameliruka. La mwisho ameandika "sijui", kwa herufi ndogo zilizobanwa pembeni mwa mstari.

Nikafunua hadi kurasa za mwisho. Swali ni 3/4 + 2/5. Kwanza ameandika 5/9, kosa lile lile la mwanzo wa mwaka. Halafu amelikata jibu lake kwa mstari mmoja, na pembeni ameandika kwa penseli: "haiwezekani, 5/9 ni ndogo kuliko 3/4." Akatafuta kigawe kidogo cha shirika cha 4 na 5, akapata 20, akaandika 15/20 + 8/20, akamalizia na 22/20. Hapo amekosea kujumlisha 15 na 8. Jibu ni 23/20.

Kalamu yangu nyekundu ilipita hapo wiki chache zilizopita na kuweka alama ya kukosa. Kwa jibu la mwisho, kweli amekosa. Lakini yule mtoto wa wiki ya kwanza hakuwa na uwezo wa kulitilia shaka jibu lake mwenyewe. Huyu wa sasa analiandika, analitazama, analipima na akili yake, analikataa, anaanza upya. Katika yote niliyofundisha mwaka huu hakuna ninalolithamini kuliko hilo, na hakuna kisanduku hata kimoja kwenye ripoti kinachoweza kulibeba.

Nafasi haikuundwa ibebe jambo la namna hiyo. Inamlinganisha mtoto na wenzake, haimlinganishi na alivyokuwa. Darasa zima likipanda alama 10, kila mmoja atabaki pale pale alipokuwa, wa 31 atakuwa wa 31. Na hata darasa lote lingefanya vizuri namna gani, lazima apatikane wa mwisho. Nimewahi kuona mtoto akilia kwa nafasi aliyopata ilhali alama zake zilikuwa zimepanda katika kila somo. Nilimwonyesha alama. Hakuziangalia.

Wastani nao unahitaji kusomwa kwa uangalifu. Mtihani wetu wa muhula wa kwanza ulikuwa na mada tatu, wa kufunga mwaka ulikuwa na mada zote. Aliyepata 52 mara zote mbili anaonekana amesimama, kumbe mzigo wa pili ulikuwa mkubwa mara kadhaa na ameubeba kwa kiwango kile kile. Mzazi hawezi kuyajua hayo kama hatumwambii.

Sasa nije kwa aliyeongoza darasa, maana ripoti yake ndiyo iliyoninyima usingizi. Alianza mwaka na 94, amemaliza na 95. Wote watampongeza, na anastahili. Lakini nimepitia daftari lake ukurasa kwa ukurasa nikitafuta mahali alipokwama, alipokata jibu na kuanza tena. Sikupaona. Ni vema tupu kutoka jalada hadi jalada. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kirusi aliyefariki mwaka 1934, alieleza kwamba kuna eneo kati ya kile mtoto anachoweza kukifanya peke yake na kile anachoweza akisaidiwa, na kwamba mafundisho yanamkuza mtoto yakimkuta humo. Mwanafunzi huyu sikumfikisha kwenye eneo hilo hata mara moja. Nilimpa maswali aliyoyaweza, akayafanya, nikafurahi, nikageukia waliokuwa wanahangaika. Mwaka wake umepita hivyo, na nafasi ya kwanza imeufunika vizuri kabisa. Hilo ni kosa langu, na nalisikitikia.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema nafasi inawaumiza walio chini tu. Walio juu inawaumiza pia, kwa kuwaambia wamefika.

Najua hoja ya upande wa pili. Alama zinatakiwa, shule atakayokwenda mtoto itaziuliza, na mzazi ana haki ya kujua mwanawe yuko wapi. Alama zibaki. Nafasi ndiyo ningeiondoa leo, na mahali pake ningeongeza mistari ya maoni. Mitatu ingetosha: alikuwa hawezi nini, sasa anaweza nini, kinachofuata ni kipi. Tuliouzoea ni huu: "Aongeze bidii." Aongeze bidii wapi? Katika kusoma swali, katika kupanga kazi, katika kujumlisha 15 na 8? Nimeuandika mstari huo miaka mingi, na sasa nikiuona najua mwalimu alikuwa amechoka na hakufungua daftari.

Na maoni yana nguvu kuliko tunavyodhani, yakipewa nafasi ya kusikika. Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alichapisha matokeo ya jaribio alilofanya na watoto wa shule nchini Israel. Baadhi walirudishiwa kazi zao zikiwa na alama tu, wengine maoni tu, wengine vyote viwili. Waliopata maoni peke yake ndio waliofanya vizuri zaidi baadaye na kuendelea kuipenda kazi. Waliopata vyote viwili hawakunufaika hivyo. Alama iliyakalia maoni.

Niliposoma hayo nilianza kurudisha insha zikiwa na maoni tu, alama nikazitoa siku mbili baadaye. Mara ya kwanza darasa lilinijia juu. Mmoja alisimama na daftari mkononi: "Mwalimu, sasa nitajuaje kama nimefaulu?" Nikamwambia asome nilichoandika, kisha aniambie yeye mwenyewe. Alikaa, akasoma, akanyamaza muda. Akaja mezani: "Aya ya pili haina habari na ya kwanza." Ilikuwa kweli, na mimi nilikuwa nimeandika tu kwamba aangalie aya zinavyoungana. Sijui alama ipi ingemfikisha hapo.

Kitu kimoja zaidi kinachohusu likizo, kwa kuwa walimu wengi tunafunga mwaka tukiwa na huzuni hii: watarudi wamesahau kila kitu. Watasahau, ndiyo. Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akaonyesha kwamba kusahau huenda kasi mwanzoni kisha kukapungua. Lakini alionyesha jambo lingine ambalo halisemwi sana: kujifunza upya kitu ulichokisahau huchukua muda mfupi kuliko mara ya kwanza. Kuna akiba inayobaki hata pale mtoto anapoapa kwamba hakumbuki chochote. Kwa hiyo mwalimu atakayewapokea asiwapime wiki ya kwanza na kutangaza kwamba hawakufundishwa. Awape siku chache, awakumbushe, aone kasi yao.

Kipindi chetu cha mwisho niliwagawia madaftari yao, nikawaomba wafungue kurasa za mwanzo. Darasa likajaa vicheko, wakaonyeshana miandiko. Yule wa 31 hakucheka. Aliinamia ule ukurasa wa pili, akachukua penseli, akalifanya swali aliloandika "sijui". Kisha akageuza daftari ili nilione. Safari hii jibu lilikuwa sahihi, ila mimi nilikuwa natazama kazi yake yote, mstari kwa mstari.

Maoni yake hayakuenea kwenye mstari wa ripoti, nikageuza karatasi na kuandika nyuma: mwanzoni mwa mwaka aliliamini jibu lolote lililotoka mkononi mwake, sasa analihoji, afanye mazoezi ya kujumlisha haraka, maana ndiko anakopotezea alama, ukurasa wa pili na kurasa za mwisho za daftari la hisabati mzazi azitazame pamoja naye.

Ya aliyeongoza nimeijaza mwisho. Kwa mzazi nimeandika hongera, na nimemaanisha. Kisha nimechukua karatasi nyingine kwa ajili ya mwalimu atakayempokea, nikamwomba ampe maswali yatakayomshinda, na asimwache peke yake yakimshinda.